Umma niliouchoma

Assalaam alaykum warahmatullah, ndugu zangu. Tafakari ya wiki hii naiandika nikiwa nimekalia mbuzi ya kukunia nazi, chini ya mwembe wa uwani kwetu, Unguja.

Miaka mitatu nyuma, chini ya mwembe huuhuu, niliangua embe mbichi za kutia achari. Majimoto, wale chungu wanaojenga viota vya majani mitini, wakanishukia shingoni. Anayewajua hahitaji kuelezwa: hawana mwiba, wao hung'ata kisha wakapamwagia tindikali palepale walipong'ata. Kwa hasira nikafunga kuti kavu kwenye ufito mrefu, nikaliwasha, nikapita kiota baada ya kiota. Vilikuwa vitano. Majani yakakunjamana, ikatoka harufu kali kama ya siki, na wao wakapukutika mithili ya mchele uliomwagika. Nikaingia ndani kujipaka mafuta ya nazi, roho yangu kwatu.

Mkwezi wetu alipokuja aliusimamia ule mwembe muda mrefu. Yeye ndiye mwenye haki ya kuwachukia kuliko sote, maana kila akipanda wanamla mapaja. Akatazama minazi miwili iliyoshikana matawi na mwembe, akasema, "Umewachoma, mwanangu? Haya. Utakula vidaka."

Na kweli. Mwaka haukuisha, minazi ile ikaanza kumwaga vidaka, yaani nazi changa, vimetiwa madoa meusi na gundi imegandia pembeni. Asubuhi moja niliokota 17. Anayevitoboa ni mdudu wa kahawia, jamaa ya kunguni, hunyonya utomvu wa vidaka vikiwa vichanga, na adui yake mkubwa ni majimoto. Wakwezi wanalijua hilo tangu zamani. Miaka ya 1950 mtafiti Mwingereza, Michael Way, aliwachunguza majimoto hapahapa Zanzibar, kwenye minazi na mikarafuu, akalithibitisha kwa maandishi. Hata jina la kitaalamu la mdudu yule, Pseudotheraptus wayi, limetokana na jina lake. Mimi sikumsikiliza mkwezi wala mtaalamu. Nilikuwa na kiberiti.

Baadaye, katika darsa baina ya Magharibi na Isha, ikasomwa hadithi ya Abu Hurayra iliyomo katika Bukhari na Muslim. Nabii mmoja aling'atwa na chungu, akaamrisha kijiji chao kichomwe. Mwenyezi Mungu akamfunulia: chungu mmoja amekung'ata, nawe umeteketeza umma katika umma zinazomsabihi Mungu? Katika riwaya nyingine aliulizwa: kwa nini asingekuwa chungu mmoja tu? Nilijifunika uso kwa mtandio. Wenzangu walidhani nalia kwa utamu wa kisomo.

Tangu siku hiyo nikirudi kutoka kwenye swala ya Alfajiri hukaa hapa kutazama. Majimoto walichelewa sana kurudi, kwani sisimizi wa ardhini wenye vichwa vikubwa walikuwa wameshalitwaa shina, na hao hawapatani nao kabisa. Mwaka huu wamerudi kupitia tawi la kwa jirani. Wiki mbili zilizopita niliwaona wakishona.

Walijipanga kwenye ukingo wa jani, wamelibana kwa meno, miguu imekamata jani la pili, wakivuta. Mahali palipokuwa na mwanya mpana walishikana viuno, mmoja nyuma ya mwenziwe, mnyororo wa chungu watano, sita. Majani yalipokutana wengine wakaja na mabuu, watoto wao wenyewe, kila mmoja kambeba wake mdomoni. Wakawa wanampeleka mtoto jani hili, wanamrudisha jani lile, kama mtu na sindano yenye uzi, na mtoto anatoa hariri nyeupe inayogandisha. Chungu wengi wengine mabuu yao hujisokotea kifuko cha kulalia. Hawa hawajisokotei, uzi wao wote umekwenda kwenye nyumba ya wote.

(Najua zile picha tunazopelekeana kwenye simu kila Ijumaa, sijui chungu kaandika jina la Allah juu ya jani. Mimi jani lililoshonwa linanitosha.)

Jumamosi nikaona mmoja ametengana na wenziwe. Rangi ileile, kiuno chembamba kilekile, mwendo uleule wa kukimbia na kusita. Nikasogea, akanigeukia kwa macho mawili makubwa ya mbele. Nikahesabu miguu: minane. Ile miwili ya mbele ameinyanyua, anaichezesha kama vipapasio vya chungu. Buibui! Kisha akaruka, nyuma yake ukabaki uzi mmoja unang'aa kwa jua. Anajifanya majimoto ili wale wanaowaogopa majimoto wamwogope na yeye. Basi nilipowachoma wao, na yeye nilimvua nguo.

Katika Suratun Naml, chungu anawaambia wenziwe waingie majumbani mwao wasije wakapondwa na Nabii Suleiman na majeshi yake, "hali ya kuwa hawatambui." Nimeisoma aya hiyo tangu chuoni, kwenye madrasa, na neno hilo la mwisho nilikuwa nalipita mbio. Chungu amewatolea udhuru wenye kumkanyaga kabla hawajamkanyaga. Na Nabii Suleiman, aliyetiishiwa upepo na majini, alisikia maneno ya chungu akatabasamu, akaomba awezeshwe kushukuru. Mimi ule udhuru sikumtolea chungu yeyote, na mwembe alikuwa akiishi yeye, si mimi.

Jana niliinama kuokota embe, mmoja akanipandia mgongoni mwa mkono, akanishika barabara. Machozi yakanilenga. Nikambandua kwa vidole viwili, huyo mmoja, nikamrudisha kwenye shina.