Alama hufunga daftari

Andika 11/20 kwa wino mwekundu, weka maoni mazuri chini yake, na mwanafunzi wa Gredi ya 7 atasoma 11 tu. Atachungulia daftari la jirani aone nani kamshinda, halafu alifunge. Mtafiti Ruth Butler alilichunguza jambo hili Israeli mwaka 1988: waliopewa maoni bila alama waliimarika na hamu ikabaki, waliopewa alama pamoja na maoni hawakupata faida hiyo.

Kwa hiyo alama iweke kwenye rekodi yako. Kwenye daftari andika kitu kitakachomfanya ashike kalamu tena. Kwa aliyejibu 1/2 + 1/3 = 2/5, kwa mfano: “Umejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Lakini 2/5 ni ndogo kuliko 1/2 uliyoanza nayo. Yawezekana?” Huyo atarudia hesabu. “Jitahidi” haimwambii aanzie wapi, na “vizuri sana” nayo ni hivyohivyo.

Kisha wape dakika 10 za mwanzo wa kipindi wasahihishe, kabla hujagusa mada mpya. Hapa ndipo mambo huharibika: madaftari yakirudishwa kengele inapogonga, maoni yanaishia kwenye begi.

Ndiyo, darasa la watoto 60 kule Eastlands, Nairobi, halikuachii muda wa kumwandikia kila mtu kila siku. Chukua madaftari 12 kwa siku. Kufikia Ijumaa umewamaliza. Wengine wasahihishane wawili wawili. Kosa linalojirudia lipe namba: andika 3 daftarini, maelezo ya 3 yawe ubaoni.

Peremende na kalamu za zawadi? Taratibu. Mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake, 1973, waliwaahidi cheti baadhi ya watoto waliopenda kuchora. Baadaye, cheti kisipokuwepo, hao walichora kwa muda mfupi kuliko wenzao. Waliopewa cheti bila kukitarajia hawakupoteza hamu. Basi ukitaka kumzawadia mtoto, usimtangazie mapema. Orodha ya nafasi ukutani ndiyo sina subira nayo kabisa: inawachangamsha watano wa juu, na wa 54 akipanda hadi wa 51 hakuna anayemwona.

Wazazi watauliza alama ziko wapi. Wafungulie rekodi, kisha uwaonyeshe ukurasa wenye kosa, maoni, na hesabu iliyorudiwa chini yake.