Joto la kukausha pasta, na hewa yetu ya Malindi

Rangi ya pasta mara nyingi hukuambia ilikaushwa vipi kabla hujaitia sufuriani. Njano iliyofifia huashiria joto la chini, nyuzi 40 hadi 60, na kazi ya siku nzima au zaidi. Ile ya kaharabu inayoelekea wekundu imepitia nyuzi 80 na zaidi, na kiwanda kimeimaliza kwa saa chache. Wekundu hutokana na sukari na protini kuungana kwa moto. Ladha ya ngano hupotea humo, na lisini, kijenzi cha protini ambacho ngano tangu hapo inacho kidogo, hupungua.

Joto kali lina faida yake, lakini. Protini huganda ikawa wavu unaoshika wanga, na pasta haivurugiki wala haigeuzi maji uji. Unga dhaifu kama wetu wa chapati huuhitaji sana msaada huo. Semolina, yaani unga wa chengachenga wa ngano ngumu, haiuhitaji, na kuipeleka nyuzi 80 ni kuiharibu.

Shida ya Malindi ni hewa. Kusi ikivuma na mvua, hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 haiwezi kuishusha pasta hadi asilimia 12.5 ya maji, kiwango cha juu kinachoruhusiwa na sheria ya Italia. Itachacha au kuota ukungu ingali imetundikwa. Ipashe hewa hiyohiyo hadi nyuzi 45 na unyevu wake hushuka hadi karibu asilimia 35, bila kuondoa tone la maji.

Hapo ndipo wengi huharibu: joto, feni kubwa, kabati la kukaushia likiwa wazi. Nje hukauka na kukaza, ndani kungali kubichi. Ndani kukija kusinyaa, nje hakufuati tena, basi pasta hupasuka. Nyufa zenyewe huweza kuonekana kesho yake, tayari imefungwa kwenye pakiti.

Kwa hiyo washa feni dakika 20 hadi 30 tu, mpaka tambi zisigandane. Zima, funika saa moja ili maji ya ndani yasogee nje. Kisha kabati la nyuzi 45 hadi 50, tundu la hewa likiwa dogo, usiku kucha hadi siku nzima kwa kadiri ya unene. Zima tena, iache ipoe humohumo saa kadhaa kabla ya kupakia.

Mwamuzi ni mizani. Kilo moja ya semolina na mililita 300 za maji hutoa donge la gramu 1,300. Semolina yenyewe ina maji kama asilimia 14, kwa hiyo pasta ikifika gramu 980 hivi imekauka, yaani nyepesi kuliko unga ulioanza nao. Kuivunja kwa vidole kunadanganya, kwa sababu ncha hutangulia kukauka kuliko katikati.

Ya mayai usiikaushe kwa njia hii. Saa za mwanzo ingali mbichi, na uvuguvugu huo hulea bakteria. Ipike siku hiyohiyo au uigandishe kwenye friza.