Siku ya 28

Jana jioni nilikuwa natafuta cheti kwenye sanduku la makaratasi, nikakutana na daftari langu la mradi wa sungura. Jalada limechanika, pembe za kurasa zimejikunja, na bado lina unyoya mmoja wa kijivu uliobanwa kati ya kurasa mbili. Nikaketi hapohapo sakafuni. Cheti chenyewe sijakipata mpaka sasa.

Nilijiunga na klabu ya vijana nikiwa na miaka 11. Kila mwanachama alichagua mradi wake wa mwaka: bustani, kuku, miche ya miti, ushonaji. Mimi nilikuwa na jike mmoja wa sungura niliyemwita Mawingu, kwa hiyo uchaguzi ulikuwa umeshafanyika. Mlezi wetu alinipa daftari kabla hata hajaja kukagua kibanda. Lilikuwa na safu za kujaza: tarehe ya kupandishwa, tarehe ya kuzaa, waliozaliwa, waliokufa, uzito, chakula, matumizi, mapato. Nililichukia. Nilikuwa nimekuja kufuga, na hesabu nilizozikimbia shuleni zilikuwa zimenifuata hadi bandani.

Sungura hubeba mimba kwa siku 31 hivi, huyu akiwahi kidogo, yule akichelewa kidogo. Siku ya 28 unamwekea sanduku la kuzalia lenye nyasi kavu ndani, naye atang'oa manyoya ya tumboni mwake kutandika kiota. Haya yote nilifundishwa kikaoni na nikayakariri vizuri. Nisichokifanya ni kuandika siku niliyompeleka Mawingu kwa dume la mwenzangu. Nilijiambia nitakumbuka, kwa kuwa ilikuwa karibu na siku ile ya mvua kubwa.

Asubuhi moja nikaenda bandani na majani mkononi. Kwa hesabu ya kichwani, alikuwa amebakiza wiki nzima. Nikaona manyoya yamenasa kwenye waya wa sakafu, kisha nikawaona. Walikuwa sita, wametawanyika juu ya waya mtupu. Kitoto cha sungura huzaliwa uchi, macho yamefumba, na joto lake hulipata kwa kulaliana na wenzake ndani ya manyoya ya mama. Hawa hawakuwa na kiota cha kulaliana. Niliwakusanya wote, nikawaweka kifuani chini ya sweta, nikakaa nao mpaka jua likawa kali. Hakuna aliyejitikisa. Mawingu alikuwa pembeni, amebeba nyasi mdomoni, anazunguka nazo kibandani akitafuta pa kuziweka. Hilo ndilo lililoniliza.

Mlezi alipokuja hakunifokea. Aliomba daftari, akalifungua, akaona safu ya tarehe haina kitu.

"Andika," akaniambia.

"Niandike nini, mwalimu?"

"Andika sita kwenye waliokufa. Kisha uandike sababu, kwa maneno yako."

Nikaandika: *Sikuandika tarehe.* Mwandiko umelalia upande na karatasi imetoboka kidogo mahali pa nukta.

Mara ya pili kila kitu kimo daftarini. Sanduku likaingia siku ya 28, na alfajiri ya siku ya 31 nikakuta rundo la manyoya linapumua. Saba. Hofu mpya ikanishika: mchana kutwa sikumwona Mawingu akiingia kwenye sanduku hata mara moja, nikaamini amewatupa. Nilikuwa sijajua kwamba sungura hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, dakika chache, kisha huwaacha. Mlezi akanionyesha namna ya kuangalia. Unafunua manyoya taratibu, unatazama tumbo. Aliyenyonya tumbo lake ni la mviringo, limekaza kama kibofu, na kwa kuwa ngozi ni nyembamba sana unayaona maziwa meupe ndani. Aliyekosa ana mikunjo. Saba wote walikuwa mviringo. Siku ya 10 wakaanza kufumbua macho. Mmoja alikufa wiki ya tatu kwa kuhara, naye nilimwandika.

Mjomba wangu hakupendezwa na mambo haya. Alifuga sungura tangu kabla sijazaliwa, nao walijichimbia wenyewe na kuzaa walipotaka. Sanduku aliliita mchezo wa watoto. Miaka mingi baadaye nilisoma historia ya klabu za vijana za 4-H za Marekani, zile za jani la klova lenye sehemu nne, kichwa, moyo, mikono na afya, ambazo kwa Kiingereza zote huanza na H, nikamkuta mjomba wangu humo. Mwaka 1902 A. B. Graham, msimamizi wa shule huko Clark County, Ohio, aliwakusanya watoto wa mashambani wapande mahindi na mboga na kupima udongo. Wataalamu wa kilimo wa wakati ule walikuwa wameshaona kwamba wakulima watu wazima wanasita kupokea mambo mapya, ilhali watoto wao wanayajaribu mara moja, na baba akiona mahindi ya mwanawe yamempita, anauliza. Kenya nayo ina klabu za 4-K: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Nilipoyasoma hayo, nilitamani mlezi wetu angekuwa karibu nimwonyeshe.

Mashindano yakafika. Sisi hatukupangwa wa kwanza hadi wa mwisho; kila mnyama alipimwa kwa kigezo kilichowekwa, kisha unapata utepe wa buluu, mwekundu au mweupe. Napenda utaratibu huo hadi leo, maana wawili mkistahili buluu, wote mnaipata. Mwamuzi alimgeuza Mawingu chali, akafunua mdomo kuona kama meno ya juu na ya chini yanakutana, akachungulia masikio kutafuta utitiri, akashika nyayo. Nyayo zilikuwa na doa la manjano la mkojo na kucha zilikuwa ndefu. Nikajua buluu imeniponyoka. Kisha akafungua daftari, akasimama kwenye ukurasa wa wale sita waliokufa. Aliusoma muda mrefu, akaniuliza ningefanya nini tofauti. Nikamweleza yote, siku kwa siku, mpaka nikasahau kuogopa. Utepe ulikuwa mwekundu. Pembeni mwa ukurasa aliandika kwa penseli: *Kumbukumbu za kweli. Endelea.* Nimeyasoma maneno hayo jana na koo likanibana kama siku ile.

Nikaendelea kufunua hadi mzao wa nne. Mwezi ule nilikuwa mitihani, natoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Kila mstari ni mwandiko wangu isipokuwa mmoja. Herufi ni kubwa, zimekandamizwa, za mtu asiyeshika kalamu mara kwa mara. Sikumbuki kuuona wakati ule, wala mwenyewe hakuwahi kuniambia. Ni mwandiko wa mjomba:

*Leo siku 28. Nimeweka sanduku.*