Siku Niliyopanda Mlima Bila Abiria

Miaka sita niliendesha bodaboda kati ya Mwatate na Wundanyi, na mpaka leo nikikalia pikipiki mwili husogea mbele wenyewe, karibu na tangi, kumwachia abiria nafasi. Kwetu Taita pikipiki ni kazi. Inabeba mama mjamzito, gunia la kabichi, mwanafunzi aliyechelewa mtihani. Kupanda mlima na kushuka bila mteja ni kuchoma mafuta bure.

Basi rafiki yangu wa Lushoto aliponiambia, "Jumanne sote tuko ofu, twende New Hampshire tukaone majani," nilimwuliza majani gani. Sote wawili tunatunza wazee zamu ya usiku hapa Lowell, Massachusetts, Marekani, mji ambao ukienda sokoni hukosi kusikia Kiswahili. Yeye huniita jirani, maana Taita na Usambara ni milima ya safu moja, Tao la Mashariki, ingawa mpaka umepita katikati.

Tulitoka kulipopambazuka, wiki ya kwanza ya Oktoba. Ilikuwa nyuzi 4. Upepo wa barabara kuu hupenya glavu yoyote, na tulipofika Lincoln, safari ya kama kilomita 160, vidole vyangu vilikuwa havisikii tena klachi. Tukakumbatia vikombe vya chai mpaka damu ikarudi. Halafu tukajaza mafuta, na ukienda nakuomba ufanye hivyo hivyo: kutoka Lincoln hadi Conway, barabara ya Kancamagus ina kilomita 55 hivi na haina kituo cha petroli hata kimoja. Ni msitu mtupu. Jina lenyewe ni la Kancamagus, chifu wa Wapenacook wa karne ya 17, ambaye watu wake walisukumwa kaskazini na walowezi wa Kiingereza. Nililitamka kwa sauti ndani ya helmeti tulipoanza kupanda. Niliona ni adabu kumtaja mwenye nchi.

Kuna kona moja pale inayokunja kama kiwiko, ile ile ya njia ya Wundanyi. Mikono ikaikumbuka kabla yangu: punguza gia mapema, usiguse breki ukiwa umeilaza, tazama unakotaka kutokea. Ila majani yaliyoloa yalikuwa yametanda lami, na jani lililoloa chini ya tairi ni sabuni. Tukapita taratibu, mmoja nyuma ya mwenzake.

Juu ya kona hiyo tukasimama, nikafunua kioo cha helmeti.

Sikuwahi kuona mlima wa namna ile. Mteremko mzima ulikuwa rangi ya embe dodo, katikati yake manjano ya bizari, na humo miti ya maple myekundu kama pilipili iliyoanikwa. Misonobari ilibaki kijani kizito, na ndiyo iliyofanya zile rangi nyingine ziwake. Jirani alivua helmeti na kusema "Subhanallah" mara moja tu. Kilele cha barabara kina mita 870 hivi, Wundanyi iko juu zaidi, lakini nilijihisi mdogo kuliko nilivyowahi kujihisi nyumbani.

Nilidhani najua miti inavyopukutisha. Huko chini Voi, mibuyu hukaa uchi kiangazi chote ikitunza maji. Na neno vuli kwetu ni mvua, ni kupanda mahindi. Huku vuli ni mchana kufupika na usiku kupoa, hapo mti huacha kutengeneza klorofili, ile kijani ya jani. Manjano yaliyokuwa yamefichwa chini yake tangu mwanzo yanatokeza. Wekundu ni habari nyingine: mti huutengeneza upya, siku hizo hizo za mwisho, kwa sukari iliyobaki ndani ya jani na mwanga wa jua.

Hilo nililiona kwa macho yangu. Kwenye maporomoko ya Sabbaday niliokota jani la maple, jekundu kote isipokuwa doa moja la manjano. Nililigeuzageuza. Lile doa lilikuwa na umbo la jani, ncha na yote: jani la juu yake lilikuwa limelikinga jua, na kivuli chake kimebaki kimechorwa pale. Nilisimama nalo kitambo kirefu, maji yakinguruma. Nikaliweka ndani ya kitabu cha pikipiki, chini ya kiti cha abiria.

Conway tulifika saa sita mchana, saa moja usiku nyumbani. Nikampigia mama kwa video, nikamgeuzia simu aone mlima.

"Nani amechoma msitu wa watu?" akauliza.

Nikamweleza. Nikamwonyesha lile jani na kivuli chake, akalitazama kwa makini kama anavyotazama jani la mhindi lenye ugonjwa. Kisha akaiona pikipiki nyuma yangu.

"Na huko mbali hivyo ulikuwa unampeleka nani?"

"Simpeleki mtu, mama. Nimekuja kutazama tu."

Akanyamaza. Nikasikia sufuria ikifunikwa, kiti kikivutwa.

"Haya," akasema, "geuza simu tena, polepole."