Jinsi nilivyosoma majibu ya homoni ya ujauzito nilipodhani nina mapacha

Majibu ya kwanza ya damu niliyopimwa hapa Dodoma, nikiwa na ujauzito wa wiki tano, yalikuwa 4,870, na jioni hiyohiyo ndugu wawili walikuwa wamekwisha kuniambia kwamba namba kubwa namna hiyo ni ya mapacha. Daktari alikuwa ameagiza kipimo hicho kwa sababu ujauzito wangu uliotangulia uliharibika mapema, naye alitaka kujua kama huu unakwenda vizuri, jambo ambalo kipimo cha mkojo hakiwezi kulionyesha kwa kuwa chenyewe hujibu ndiyo au hapana tu. Ninaandika jinsi nilivyoyasoma majibu hayo kwa sababu ninawajua wanawake wengi wanaopewa karatasi kama yangu dirishani, wakaambiwa wampelekee daktari, kisha wakabaki na namba mkononi kwa siku mbili tatu bila wa kuwaeleza.

Homoni yenyewe, ambayo kwenye karatasi huandikwa hCG, hutengenezwa na chembe zitakazokuja kuwa kondo la nyuma, na huanza kuingia kwenye damu ya mama baada ya yai lililorutubishwa kujishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba. Kwa mwanamke asiye mjamzito kiwango chake kwa kawaida huwa chini ya 5. Karatasi yangu ilikuwa na jedwali la maandishi madogo sana upande wa chini, na hapo ndipo nilipotulia kwa muda mrefu kuliko kwenye namba yangu: wiki ya nne, 5 hadi 426, wiki ya tano, 18 hadi 7,340, wiki ya sita, 1,080 hadi 56,500. Kwa hiyo mwanamke mwenye 200 na mwanamke mwenye 7,000, wote wakiwa katika wiki ya tano, wako ndani ya kiwango kinachokubalika, na mimi mwenye 4,870 sikuwa nimevuka mpaka wowote. Jedwali pana kiasi hicho haliwezi kumwambia mtu idadi ya watoto alionao tumboni, na naona ingefaa mtu wa dirishani aliseme hilo kwa sauti anapokabidhi karatasi.

Jambo lililonisaidia zaidi ni kuelewa kasi ya homoni hii. Katika wiki za mwanzo huongezeka takriban maradufu kila baada ya siku mbili hadi tatu. Wiki za ujauzito nazo huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ilhali siku ya yai kupevuka hutofautiana kati ya mwanamke na mwanamke, na hata kwa mwanamke yuleyule kati ya mwezi na mwezi. Mtu ambaye yai lake lilipevuka siku mbili tatu mapema kuliko alivyodhani anaweza kukutwa na namba iliyo mara mbili ya ile aliyoitarajia, akiwa na mtoto mmoja tu. Ni kweli kwamba wajawazito wa mapacha, wakichukuliwa kwa wastani, huwa na kiwango cha juu zaidi, lakini namba zao na za wenye mtoto mmoja zimeingiliana mno. Mwenzangu mmoja tunayefanya naye kazi Mtumba, ambaye ana mapacha, alikuwa bado ameitunza karatasi yake ya wiki ya tano. Tulipozilinganisha, namba yake ilikuwa ndogo kuliko yangu.

Mama mkwe wangu, ambaye anaishi Mpwapwa, alinipigia simu akiwa na furaha kubwa. "Mwanangu, kwetu mapacha wapo tangu kwa bibi yake mume wako, usishangae," aliniambia. Nilimjibu, "Mama, tuombe uzima kwanza, picha itatuonyesha." Sikutaka kumkatisha tamaa, lakini daktari alikuwa amenieleza kwamba mapacha wasiofanana hutokana na mama kupevusha mayai mawili katika mzunguko mmoja, hivyo historia inayohusika ni ya upande wa mama mjamzito, na kwetu hawapo. Mume anaweza kuwarithisha binti zake hali hiyo, lakini haibadilishi mayai ya mke wake. Mapacha wa kufanana, wanaotokana na yai moja kugawanyika, kwa kawaida hawafuati ukoo wowote.

Daktari aliagiza nirudie kipimo baada ya saa 48, katika maabara ileile, kwa kuwa mashine za maabara tofauti zinaweza kutoa namba zinazotofautiana kwa damu ileile, na kuzilinganisha ni kujisumbua bure. Niliandika kwenye daftari tarehe na saa ya kutolewa damu mara zote mbili, pamoja na kizio kilichotumika. Mtaalamu wa maabara aliniuliza kama natumia vidonge vya kukuza nywele na kucha, kwa sababu vingi vina biotini, aina ya vitamini, ambayo kwa wingi inaweza kuvuruga baadhi ya vipimo vya homoni. Vilevile aliyechomwa sindano ya kupevusha mayai yenye homoni hii anapaswa kusema, kwani mabaki yake yanaweza kuonekana kwenye damu kwa siku kadhaa.

Majibu ya pili yalikuwa 9,150. Nilichukua ongezeko la 4,280, nikaligawa kwa 4,870, nikapata takriban asilimia 88. Kiwango cha chini cha ongezeko kinachotarajiwa kwa ujauzito unaokua vizuri ndani ya saa 48 ni asilimia 49 iwapo namba ya kwanza ilikuwa chini ya 1,500, asilimia 40 iwapo ilikuwa kati ya 1,500 na 3,000, na asilimia 33 iwapo ilizidi 3,000. Mimi nilihitaji kufika kama 6,480 tu, na nilikuwa nimevuka mbali. Nilifurahi mno, kwa sababu katika ujauzito ule ulioharibika namba ilikuwa imeshuka. Hata hivyo kupanda vizuri hakukunipa jibu la mapacha, maana ujauzito wa mtoto mmoja na wa wawili hupanda kwa mwendo unaofanana.

Daktari alinionya pia kwamba kiwango cha juu kupita kiasi kinaweza kutokana na tarehe zilizokosewa au mimba zabibu, yaani mimba isiyo ya kawaida ambayo chembe za kondo hukua vibaya, na kwamba baadhi ya mimba zilizotunga nje ya kizazi hupanda kama kawaida mwanzoni. Kwa hiyo maumivu makali ya tumbo, hasa ya upande mmoja, kutokwa damu, kizunguzungu cha kutaka kuanguka au maumivu ya begani ni sababu ya kwenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama namba kwenye karatasi inapendeza.

Picha ya altrasaundi ilipangwa katika wiki ya saba. Nilitamani iwe mapema zaidi, lakini katika wiki ya tano mara nyingi huonekana kifuko cha mimba peke yake, na kifuko cha pili kinaweza kutoonekana bado. Mapigo ya moyo kwa kawaida huanza kuonekana kuanzia wiki ya sita. Kipimo kilifanyika kwa njia ya uke, hivyo niliambiwa nikojoe kwanza, tofauti na kile cha juu ya tumbo ambacho mapema namna hiyo huhitaji kibofu kilichojaa. Mpimaji alizungusha kifaa polepole kutoka upande mmoja wa mji wa mimba hadi mwingine kabla ya kusema lolote, kisha akanigeuzia skrini: kifuko kimoja cheusi, ndani yake kiduara cheupe cha kifuko cha kiiniyai, kinachomlisha mtoto mwanzoni, na pembeni yake mtoto mmoja, ambaye moyo wake ulikuwa unapwita kwa kasi.

Angeona wawili, ningetakiwa kurudi kati ya wiki ya 11 na ya 14 ili ijulikane kama wanatumia kondo moja au kila mmoja ana lake, kwa kuwa wanaotumia moja huhitaji kuangaliwa mara nyingi zaidi. Mwenzangu wa Mtumba alipitia huko. Mimi nilirudi katika wiki ya 12 kwa ajili ya kuhakikisha umri wa mimba, na tarehe ya makadirio ya kujifungua ikabaki ileile. Kipimo cha damu cha hCG hakikurudiwa tena, kwa sababu homoni hiyo hufikia kilele kati ya wiki ya nane na ya 11, kisha hushuka yenyewe, na mtoto alikuwa tayari anaonekana kwenye picha.