Mmenitumia

Tangu Jumapili neno moja halinitoki kichwani. Nimelala nalo, nimepanda nalo daladala, na leo dukani nimesimama na dawa ya mteja mkononi nikisahau kabisa kilichonipeleka kwenye shelfu.

Mnajua tulivyohangaika na ule mtaro wa mtaani kwetu. Jumamosi tatu mfululizo kikundi kizima, watu 23, tumeingia na magambuti na makoleo. Tumetoa nepi, chupa, viatu visivyo na wenzake, godoro la mtoto, na mchanga, mchanga usiokwisha. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, hata wale wasiofunguaga geti walitoka na fagio. Maji yaliyokuwa yamekaa meusi tangu masika yakaanza kutembea. Nilisimama kwenye kidaraja nikayaangalia yanavyokwenda, nikapiga ile picha mliyoiona. Nilifurahi kama mtoto.

Basi Jumapili hii kukawa na kikao cha mtaa. Mwenyekiti akatusifia, tukapigiwa makofi, mimi nikasoma mapato na matumizi. Nilipokaa, akasimama mama mmoja wa kule bondeni, mtu mzima, kanga begani. Akaomba nafasi.

"Nawashukuru wanangu wa huku juu. Mmesafisha. Halafu mmenitumia."

Akakaa.

Watu wakaangaliana. Wengine walidhani ni habari ya hela. Mwenyekiti akamuuliza, "Umetumiwa nini, mama?"

"Mchanga. Uko mlangoni."

Nikainuka haraka, hata nafasi sikuomba: "Mama, sisi tulifanya kwa nia njema kabisa."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana nimeanza na shukrani."

Ni hayo tu. Kikao kikaenda kwenye ajenda ya taa za barabarani. Mimi nikabaki palepale. Mmenitumia. Kama mtu anavyotumiwa mzigo kwa basi? Au kama mtu anavyotumiwa na wenzake, wakishapata walichokitaka wanamwacha? Nimelirudia kwa sauti yake, nimelirudia kwa sauti kali ambayo hakuwa nayo, nimemwigizia mume wangu jikoni mpaka akaniambia niache sasa, ugali unaungua. Wiki hii baba ametoka hospitali, mdogo wangu amekubaliwa kule walikopeleka barua ya posa, mwenye nyumba amepandisha kodi. Vyote hivyo vimepita, na mimi niko kwenye neno moja.

Kinachouma ni kwamba alisema kweli, na sehemu kubwa ni ya kwangu. Mchanga tulioutoa tuliurundika ukingoni mwa mtaro, tukisubiri hela ya kukodi kirikuu ije kuuzoa. Hela haikutosha. Mimi mweka hazina ndiye niliyesema tusubiri mwisho wa mwezi upite, watu wapate mishahara wamalizie michango. Jumanne usiku, kabla ya kile kikao, mvua ikanyesha. Lile lundo likarudi mtaroni lote, na kwa kuwa huku juu tulishazibua, halikuwa na pa kukwama. Likateremka na maji mpaka mteremko unapoisha, pale maji yanapopunguza mwendo na kuutua mchanga. Pale ndipo mlango wake ulipo. Zamani uchafu wetu ulikuwa unaziba kwetu, tunanuka sisi. Tulipojisafisha tukamfungulia njia.

Jana Alhamisi nilishuka. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi tangu kwenye kona ya fundi baiskeli. Nikamkuta ameinama na karai, anachota mchanga na kuumwaga pembeni, taratibu, kama mtu anayepepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na koleo?"

Sikuwa nalo. Akanipa sufuria kuukuu isiyo na mpini, nikainama naye. Tulipopumzika akanionyesha ukuta wake. Kuna mistari ya mkaa, mmoja juu ya mwingine. Wa juu kabisa unanifika begani. Ni wa Desemba 2011, yale mafuriko yaliyoua watu takriban 40 Dar es Salaam, ambayo baadaye familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Yeye alibaki kwa sababu nyumba yake iko hatua chache juu ya waliohamishwa. Mstari wa chini, mbichi bado, unaishia kwenye vifundo vya miguu. Ni wa Jumanne yetu.

Nikaona niulize tu. Nikamwambia lile neno limeninyima usingizi, alimaanisha kutumia kupi.

Akanikazia macho. "Nilisema mmenitumia? Mimi nilisema mmeniletea."

Nimeapa mbele ya mume wangu kwamba ni mmenitumia. Lakini pale nilisikia kifua kikifunguka. Siku nne nimembebesha mama wa watu hasira ambayo hata hakuwa nayo.

Halafu akaanza kuzungumza, na hapa ndipo nilitamani kikundi kizima kingekuwepo. Sisi tunajiona wa kwanza. Kumbe miaka ya 90 wakazi wa Hananasif, hapa Kinondoni, walikwishaunda chama chao, na mwaka 1994 wakaanza kujenga mitaro na barabara za mtaa kwa mikono yao, wanawake kwa wanaume, wakilipwa ujira, Shirika la Kazi Duniani likiwasaidia. Yeye alikuwa msichana wa kubeba maji na zege. Alinionyesha jinsi ndoo ilivyokaa kichwani, shingo ikanyooka ghafla, umri ukamtoka. Fundi aliyewasimamia aliwafundisha jambo ambalo sisi na magambuti yetu hatukulijua: mtaro unashughulikiwa kuanzia mdomoni, kule unakomwagia, ndipo mnapanda. Mkianzia juu, kila mnachokifungua kinakwenda kuziba mbele.

Usiku nikafungua simu, kwenye ile ramani ya OpenStreetMap. Mdogo wangu alipokuwa Chuo Kikuu Ardhi alikuwa miongoni mwa wanafunzi waliopita mitaani na futikamba kwa kazi ya Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa inayofurika, wakipima upana na kina cha mitaro, wakiwauliza wazee maji yalifika wapi. Nilikuwa namcheka anavyorudi na matope. Jana nimefuata kwa kidole njia ya kwetu: kidaraja, kona ya fundi baiskeli, kwa mama, ile sehemu iliyobaki wazi tangu bomoabomoa ya Desemba 2015, halafu mto Msimbazi wenyewe. Kwa hatua zangu ni mwendo usiofika hata dakika kumi. Na Msimbazi unaanzia huko vilima vya Pugu, ukipita kwa watu wengine wengi wanaosafisha kwao, mpaka baharini.

Kwenye grupu nimeandika asubuhi. Kesho tunaanzia bondeni. Mchanga hatuurundiki tena ukingoni. Tunaujaza kwenye viroba papo hapo, na kumi na viwili vya kwanza tunavipanga mbele ya mlango wa mama, yeye mwenyewe ndiye atakayesema viwekwe wapi. Hela ya kirikuu niliyoizuia naitoa yote leo, itakayopungua najazia mimi. Mpaka saa hizi 18 wamesema wanakuja. Mwenyekiti naye, ila hajasema kama anakuja na koleo.

Nimefurahi, kweli. Ningelala mapema ili niamke na adhana.

Ila hapa ninapoandika, mwanangu amesogea tena mpaka karibu agusane na televisheni. Ni mara ya tatu wiki hii. Nimemwambia arudi nyuma, akarudi, akakunja macho. Shangazi yake alianza hivihivi, darasa la pili.