Besi yangu ilivyoanza kusikika kwenye redio ndogo

Kilichonitia adabu ni simu ya mama watoto. Tulipiga kwenye harusi moja Tabata, ukumbi umejaa, mimi nimesimama karibu na dramu, nacharaza besi mpaka ncha ya kidole cha shahada inawaka moto. Yeye alikuwa meza ya nyuma, akarekodi dakika kama kumi. Kesho yake asubuhi, chai mezani, akaifungulia. Solo lipo. Rizimu ipo. Waimbaji wapo, matoazi yapo, hata mtoto wa watu anayelilia soda yupo. Besi haipo.

"Baba watoto, hapa ulikuwa umepumzika?"

Nikajitetea kitaalamu. Nikamwambia spika ya simu ni ndogo kama ukucha, na uzi mnene wa besi ya kawaida ya nyuzi nne, ule wa E, ukipigwa wazi hutetemeka mara 41 tu kwa sekunde. Sauti ya chini kiasi hicho simu haiiwezi. Akanyamaza. Sasa juu ya friji tuna kiredio, spika yake haizidi kiganja, na Jumapili asubuhi ni zilipendwa mtindo mmoja. Ukapigwa wimbo wa bendi ya Mlimani Park, zile rekodi za enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam. Besi inatembea humo ndani noti kwa noti, unaweza kuiimba. Mama watoto akaitazama redio, akanitazama mimi, akaendelea kupaka siagi mkate.

Niseme kwanza nilikuwa napigia nini. Mimi ni mgonjwa wa besi, na kama wagonjwa wengi wa rika langu, ugonjwa uliniingia kupitia Jaco Pastorius, mpiga besi wa Marekani. Yule bwana alikuwa na Fender Jazz Bass ya mwaka 1962 isiyo na vile vyuma vya shingoni, akaupaka ubao wake epoksi ngumu, akatia nyuzi za Rotosound zenye kukwaruza, na akawa anapigia nyuma kabisa, karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa gitaa. Gitaa likawa linaimba kama mtu. Basi na mimi nikataka besi inayong'aa. Nikanunua ya nyuzi tano, yenye betri ndani na vitufe vitano vya kuzungusha, rangi ya maji ya zabibu. Ukiishika, hata usipopiga, watu wanajua fundi amefika.

Hiyo betri ilinifedhehesha. Sikujua kwamba kwenye magitaa ya aina hiyo ukichomeka waya ndiyo umewasha, na ukiuacha umechomekwa usiku kucha betri ya volti 9 inaliwa hata kama hupigi. Nililiacha hivyo tangu mazoezi ya Alhamisi. Jumamosi, wimbo wa tatu, besi ikaanza kukoroma kama mwenye mafua, kisha kimya. Nikamaliza wimbo nikiigiza. Hakuna aliyegundua, na hilo, nikilifikiria sasa, lingenitosha kunishtua.

Wiki moja baada ya ile chai nikamwomba fundi mitambo wetu aniangalizie. Kijana mdogo, ana masikio ya popo. Akainama kwenye amplifaya yangu, akatazama vitufe, akacheka.

"Mzee, sauti za kati umezitupa wapi?"

Nilikuwa nimepandisha za chini mpaka mwisho, nimepandisha za juu mpaka karibu na mwisho, na za kati nimezizamisha. Chumbani ukiwa peke yako toni hiyo ni asali: chini inatikisa godoro, juu inametameta. Lakini kwenye bendi kila mtu ana eneo lake. Ile ngoma ya mguuni inamiliki chini, matoazi na solo yanamiliki juu. Wewe umejipanga kwenye nyumba mbili zenye wenyewe, na ile yako umeiacha tupu. Halafu akanieleza jambo la redio, ambalo sikulijua pamoja na miaka yangu yote ya kupiga. Noti ya E ya chini haiji peke yake. Inakuja na mitetemo ya kama 82, 124, 165 kwa sekunde na kuendelea juu. Redio ndogo haitoi ile 41, lakini inatoa baadhi ya zile zinazoifuata, na ubongo ukizisikia unajaza wenyewe ule mzizi uliokosekana. Mimi zile zinazofuata nilikuwa nimezizima kwa mkono wangu.

Ningeweza kupandisha za kati nikaishia hapo. Lakini mgonjwa wa vifaa akipata sababu ya kununua kitu haiachi ipite. Nikaiuza ile ya zabibu, nikachukua nakala ya Precision iliyotumika, rangi nyeusi, imebanduka kwenye kiwiko. Precision ndiyo besi ya umeme ambayo Leo Fender aliitoa mwaka 1951, na mwaka 1957 akaipa ile pikapu, yaani kile kinasa mtetemo wa nyuzi, iliyokatwa vipande viwili. Vipande vile si urembo: kimoja kimesukwa kinyume cha mwenzake, hivyo ule mvumo wa umeme wa ukumbini vinaufuta wenyewe kwa wenyewe. Kumbi zetu, na hizi taa za mirija na jenereta nje, zinakihitaji kitu hicho kuliko betri yoyote. Kitufe kimoja cha sauti, kimoja cha toni. Basi.

Aliyenipa ramani ni James Jamerson, mpiga besi wa Motown, kampuni ya rekodi kule Detroit, Marekani. Alikuwa na Precision ya 1962, nyuzi nene bapa za La Bella ambazo hakuwa na desturi ya kuzibadilisha mpaka zikatike, sponji chini ya kifuniko cha daraja, na alipigia kidole kimoja tu, cha shahada. Kimoja! Mimi nilikuwa nahangaika kuongeza cha tatu.

Nyuzi bapa zilinitoa jasho. Madukani Kariakoo nilikuta zile za kawaida tu, zilizozungushiwa waya wa duara, ambazo ukipitisha ukucha zinasema krrr. Bapa zimezungushiwa utepe wa chuma, laini kama mgongo wa kisu. Nikamwagiza binamu aliyekuwa safarini, ikanitoka kama laki moja na nusu kwa nyuzi nne. Kiasi hicho mama watoto hajatajiwa mpaka leo.

Nikazifunga usiku, nikatyuni, nikalala. Asubuhi nyuzi ziko juu ya shingo kama kamba za kuanikia nguo. Bapa zangu zinavuta kwa nguvu kuliko zile za mwanzo, shingo ikapinda mbele. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma, na kwenye kichwa kuna tundu la kuingiza ufunguo wa pembe sita. Hapa ndipo watu wanapovunja magitaa. Nilizungusha robo tu, upande wa kukaza, nikaliacha mpaka jioni. Kisha nikabana uzi wa E kwenye chuma cha kwanza na cha mwisho kwa wakati mmoja, nikachungulia katikati, karibu na chuma cha saba na cha nane: panatakiwa kupita kadi ya jina, isicheze wala isikwame. Yangu ilicheza. Robo nyingine, usiku mwingine. Siku ya tatu kadi ikapita kwa adabu.

Zikabaki sponji. Nikachukua ile ya kuoshea vyombo, nikabandua upande wa kijani wa kusugulia, nikakata ukanda wa ile njano na kuusokomeza chini ya nyuzi, usoni pa daraja. Mara ya kwanza niliukata mnene, noti zikafa kama zimepigwa rungu, na nyingine zikapanda zikatoka nje ya tyuni. Nikaupunguza kwa wembe mpaka ukawa unazigusa nyuzi tu bila kuzisukuma juu. Pale sauti ikabadilika: dum, kisha inajifuta yenyewe.

Chumbani ilikuwa mbaya, sifichi. Kama mtu anagonga sanduku la nguo. Nilikaribia kulia nikikumbuka laki na nusu. Mazoezini, dramu ilipoingia, mpiga rizimu akageuka kunitazama, akaja kusogeza sikio kwenye spika yangu.

Kumbe kazi kubwa ilikuwa bado mkononi. Zamani nilijaza kila nafasi. Sponji ilipoanza kukata mikia ya noti, nikasikia mashimo, na mashimo yale ndiyo rumba yenyewe. Nikarudi kumsikiliza Suleiman Mwanyiro, mpiga besi wa Mlimani Park, kwenye kiredio kile kile, safari hii nikifuata pale anaponyamaza. Nikapunguza noti karibu nusu. Kuna ubeti mmoja sasa napiga noti tatu, nangoja, napiga mbili. Jaco bado nampenda, namsikiliza nikiwa kwenye daladala.

Harusi iliyofuata ilikuwa Mbagala. Mama watoto alikaa mbali zaidi, karibu na jiko, akarekodi tena. Asubuhi akaifungulia simu akiwa anakoroga uji, hakusema kitu. Niliona tu mwiko unafuata besi, na ulisimama pale ninaponyamaza mimi.

Mpiga solo wetu anasema toni yangu imefubaa, nibadilishe nyuzi. Ni mwaka wa pili huu. Sponji nimebadilisha mara mbili, na zote nilizitoa jikoni bila ruhusa.